Hamali wa neva na muguka inayopita Taru

Usiku kucha barabara kuu ya Taru hainyamazi. Malori yaliyopakia bandarini hupanda kuelekea Nairobi kwa mngurumo mzito, yakiwa yameshapita mizani ya Mariakani na vibanda vya Samburu. Katikati ya mngurumo huo huja sauti nyingine kutoka upande wa Mackinnon Road, nyembamba na ya ghafla: pikapu za miraa na muguka zinazoteremka kwenda Mombasa. Ukigeuka kuitazama, umechelewa. Wachungaji wa hapa hawathubutu kuvusha mbuzi hata mmoja wanapoisikia.

Watu husema madereva wa pikapu hizo wana wazimu. Haraka yao ina sababu, na sababu yenyewe iko ndani ya jani. Miraa ya Meru na muguka ya Embu ni mmea mmoja, Catha edulis, na nguvu yake kubwa inatokana na kemikali iitwayo kathinoni. Kathinoni haingoji mtu. Jani likichumwa na kuanza kunyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu kuliko yenyewe, na baada ya siku mbili hivi mlaji anatafuna kitu kilichochuja. Ndiyo maana miraa hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, na ndiyo maana pikapu hupita Taru kama mshale.

Mimi hufundisha elimu ya dawa, na siku moja ya kiangazi nilisimama hapo kunywa chai. Meza ya jirani alikaa dereva wa lori, mtu wa makamo, shavu la kushoto limefura kwa tonge ambalo walaji huliita taksini. Mbele yake palikuwa na kifuko cha muguka, soda na pakiti ya bigijii. Alichagua majani mawilimawili, yale machanga yenye wekundu, akayafuta kwa kidole gumba, akayasukumia shavuni. Mama mwenye mkahawa alikuwa amemwekea mahamri na mbaazi. Zilipoa mezani bila kuguswa.

Alipojua kazi yangu, akasogeza kiti. "Dakta, nikitafuna usiku najiona barabara yote ni yangu. Kesho yake nikiamka ni kama mtu aliyetoka matangani. Sasa ile raha huwa imekwenda wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi, kwa sababu utingo wake alikuwa anamwita. Safu hii ndiyo jibu lake refu.

Seli za neva, ambazo ndizo zinazobeba fikra zetu, maumivu na furaha, hazigusani. Kati ya seli moja na nyingine pana mwanya unaoitwa sinapsi, wenye upana wa takriban nanomita 20. Ungepanga mianya 5,000 ya namna hiyo ndipo upate unene wa karatasi moja ya daftari. Umeme wa neva ukifika ukingoni, seli hutema kemikali tarishi: dopamini, serotonini, noradrenalini na nyinginezo. Kemikali hiyo huvuka mwanya, ikagusa vipokezi vya seli ya ng'ambo, na ujumbe ukafika.

Wengi wetu tulifundishwa habari hii shuleni na ikaishia hapo, kana kwamba kufika kwa ujumbe ndiyo mwisho wa safari. Lakini tarishi akibaki mlangoni anabisha hodi bila kukoma, ujumbe wa pili hausikiki. Seli isiyonyamaza haina tena inachosema. Kwa hiyo mwili unalazimika kuusafisha ule mwanya, tena kwa haraka sana, kabla ujumbe mwingine haujaingia.

Kwa baadhi ya kemikali, usafishaji ni kuvunjavunja. Asetilikolini, inayoamrisha misuli kukunja, hukatwa na kimeng'enya kinachoweza kumaliza maelfu ya molekuli kwa sekunde moja. Wafugaji wanayajua madhara ya kimeng'enya hicho kuzuiwa, hata kama hawajui jina lake. Baadhi ya dawa za kuua wadudu na kupe, zile za jamii ya oganofosfati, hukifunga kabisa. Mtu aliyezinywa, au aliyelowa nazo mwili mzima, hutokwa na mate na machozi bila kizuizi, misuli humtetema, na mwishowe pumzi humkatika. Kinachomuua si upungufu wa ujumbe. Ujumbe umekosa wa kuuzima. Na hata katika uvunjaji huo hakuna kinachotupwa ovyo: kipande kinachobaki, kolini, huokotwa na seli ileile iliyotuma, ikakitumia kutengeneza asetilikolini mpya.

Kwa dopamini, serotonini na noradrenalini njia kuu ni nyingine, na ilichukua muda kugunduliwa. Hadi miaka ya 1950 wataalamu wengi waliamini kwamba kemikali zote hizi huishia kuvunjwa na vimeng'enya. Aliyeligeuza wazo hilo ni Julius Axelrod, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1912, ambaye ajali ya maabara ilimpofusha jicho moja na ambaye alipata shahada ya uzamivu akiwa amevuka miaka 40. Mwenyewe alikuwa amegundua kimojawapo cha vimeng'enya hivyo mwaka 1957. Angeweza kukaa na kuitetea hoja ya vimeng'enya maisha yake yote. Hakufanya hivyo, na kwa hilo namheshimu kuliko hata kwa tuzo aliyopewa.

Yeye na wenzake walichukua noradrenalini iliyotiwa alama kwa haidrojeni yenye mnururisho, wakaidunga kwa paka, kisha wakatafuta imekwenda wapi. Waliikuta ikiwa nzima, haijavunjwa, imejaa kwenye viungo vyenye neva nyingi, kama moyo. Ndipo wakakata neva za upande mmoja wa kichwa cha paka na kungoja zife. Upande huo haukuweza tena kuihifadhi noradrenalini. Upande wenye neva hai uliihifadhi kama kawaida. Jibu likawa wazi: neva iliyotoa ndiyo iliyochukua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1961. Waligundua pia kwamba kokeini inazuia uchukuaji huo, na kwamba imipramini, dawa ya kwanza ya sonona ya aina yake, nayo inauzuia. Mwaka 1970 Axelrod alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Bernard Katz na Ulf von Euler.

Anayerudisha mzigo ni protini iliyojichomeka kwenye ngozi ya seli, ikipita ndani na nje ya ngozi hiyo mara 12. Mimi darasani huiita hamali, na sijapata jina linaloifaa zaidi. Hamali wa sokoni hachukui gunia bure, na huyu vilevile ana ujira wake: sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Nje ya seli sodiamu ni nyingi, ndani ni haba, hivyo daima inataka kuingia. Hamali huifungulia njia, na inapoingia inaivuta dopamini pamoja nayo. Kisha anajigeuza, akaangalia tena nje, tayari kwa mzigo mwingine.

Lakini sodiamu hiyo ikizidi kuingia, mteremko utakwisha na kazi itasimama. Lazima itolewe tena, na hapo ndipo gharama yote ilipo. Pampu ya sodiamu, aliyoigundua Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957 kwa kuchunguza neva za miguu ya kaa, hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili kila inapotumia chembe moja ya nishati. Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake, na sehemu kubwa ya nishati hiyo huishia kwenye pampu hizi. Kwa hiyo kunyamaza kwa neva si kupumzika. Ni kazi, na inalipiwa kwa chakula tunachokula.

Hamali wenyewe hawana mbio. Hamali mmoja wa dopamini hupitisha molekuli chache tu kwa sekunde, akilinganishwa na kile kimeng'enya kinachokata maelfu. Seli huziba pengo hilo kwa wingi wao, ikiwapanga kwa maelfu kwenye ngozi yake. Glutamati, kemikali inayoamsha ubongo kuliko zote, imepewa utaratibu wa peke yake: hufyonzwa zaidi na seli jirani ziitwazo astrosaiti, zikaigeuza kuwa glutamini isiyo na makali, zikairudisha kwa neva. Kuna mengi ya kusema juu ya hilo, hasa kuhusu kifafa, ila leo nabaki na hamali wa dopamini.

Nilimaliza masomo nikidhani kazi ya hamali ni usafi tu. Panya ndio waliosahihisha fikra zangu. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, wakiwemo Bruno Giros na Marc Caron, walitangaza kwamba wamepata panya waliozaliwa bila hamali wa dopamini. Dopamini ya panya hao ilikaa kwenye mwanya mara 100 zaidi ya kawaida, na wanyama hawakutulia: walizunguka, wakazunguka, wakazunguka. Hilo lilitarajiwa. Lililoshangaza lilionekana ghala za seli zao zilipopimwa katika utafiti uliofuata. Dopamini iliyohifadhiwa ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 5 ya kiwango cha panya wa kawaida.

Nje imefurika, ndani ghala ni tupu. Seli haina uwezo wa kutengeneza dopamini mpya ya kutosha kila inapotema. Inaishi kwa kurudisha ileile, kuipakia upya kwenye vifuko vyake na kuitumia tena. Watu wa Taru hawahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Dumu ulilochotea maji silangani hulitupi ukishamimina maji mtungini.

Sasa turudi kwenye taksini ya dereva. Kokeini, walivyoonyesha kina Axelrod, humziba hamali: inamkalia mikononi, naye hawezi kushika kitu. Kathinoni inafanya jambo jingine. Umbo lake linafanana na la amfetamini, na linaikaribia dopamini kiasi kwamba hamali huidhania mzigo wake wa kila siku. Anaibeba, anaiingiza. Ikishakuwa ndani, kazi ya hamali inapinduka: anaanza kubeba dopamini iliyokuwa imehifadhiwa na kuitoa nje. Peter Kalix wa Geneva alilionyesha hilo katika miaka ya 1980 kwa tishu za ubongo wa wanyama, na uchunguzi wa baadaye umelithibitisha. Aliyeajiriwa kuingiza magunia ghalani sasa anayatoa kwa mlango uleule, bila amri ya umeme wa neva, bila tukio lolote la furaha kumtuma.

Handasi, ile raha ya walaji, ndiyo hiyo. Barabara yote inakuwa yako kwa sababu dopamini inafurika kwenye mianya ya ubongo pasipo kuwapo jambo la kuifurahia. Noradrenalini nayo inatolewa kwa njia hiyohiyo: moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, macho yanakataa kufumba, njaa inatoweka. Mbaazi zikapoa mezani.

Na asubuhi? Dopamini iliyokaa nje muda mrefu imetawanyika, vimeng'enya vimeivunja, haipo ya kurudishwa. Seli sasa lazima itengeneze nyingine kutoka kwa tairosini, ambayo hupatikana kwenye vyakula vya protini, na kazi hiyo ina kasi yake. Haiharakishwi kwa sahani moja ya maharagwe. Ukosefu wa usingizi una fungu lake kubwa pia katika uchovu ule. Kwa hiyo, ndugu yangu dereva, raha yako haikwenda popote. Uliikopa kwenye ghala lako mwenyewe, na asubuhi ulikuwa umesimama mlangoni ukitazama rafu tupu. Huzuni hiyo si udhaifu wa moyo, wala hujarogwa. Ukiitibu kwa kutafuna tena unamwamuru hamali atoe kile kidogo kilichosalia.

Haya yote hayakusikika Mei 2024, Pwani ilipowaka moto kwa sababu ya muguka. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, aliipiga marufuku katika kaunti nzima. Gideon Mung'aro wa Kilifi akafuata, na Taita Taveta nayo ikaingia. Kabla ya mwezi kwisha, Rais William Ruto alikuwa amesema marufuku hayo hayana nguvu kisheria kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023, na mahakama ya Embu ikayasimamisha. Upande mmoja ulisema sumu. Upande wa pili ukasema riziki. Wazazi wa Likoni na Ukunda wanaoona vijana wao wakishinda maskani hawakuwa waongo. Wakulima wa Mbeere wanaolipa karo kwa majani hayo nao hawakuwa waongo.

Nimesoma pande zote na nitasema ninavyoona. Kuiita muguka sumu, kana kwamba ni sawa na heroini, hakusimami kisayansi. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliutazama mmea huu mwaka 2006 na ikaona hatari yake haifikii kiwango cha kuuweka chini ya udhibiti wa kimataifa, ingawa kathinoni yenyewe ikishatengwa imo kwenye orodha kali kabisa. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 2014 kinyume cha ushauri wa baraza lake lenyewe la wataalamu wa dawa za kulevya. Lakini kuiita muguka zao tu, kama chai au korosho, ni kosa vilevile. Chai haimpindui hamali wa dopamini. Kafeini hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayotuletea usingizi, na haina haja ya kulimwaga ghala. Tofauti hiyo ingetosha kuongoza sheria: nani auziwe, kwa umri gani, na nani asiruhusiwe kushika usukani akiwa ametafuna usiku mzima.

Kuna upande wa pili wa hamali huyu ambao unanigusa zaidi, kwa sababu wagonjwa wake ni wengi na wanateseka kimya. Dawa za sonona zinamlenga huyohuyo. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987, humziba hamali wa serotonini. Amitriptilini, kongwe zaidi, huwaziba wa serotonini na wa noradrenalini. Zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata bupropioni, inayotumika kwa sonona na kwa wanaotaka kuacha sigara, muundo wake ni wa ukoo wa kathinoni yenyewe: jamaa wa jani la Embu aliyefundishwa adabu, anayeziba bila kupindua.

Mgonjwa huuliza: kama zote zinamgusa hamali, mbona muguka inanifurahisha usiku huu na kidonge chako hakinifanyii kitu? Swali ni la haki. Kidonge humziba hamali ndani ya saa chache, lakini nafuu huja baada ya wiki mbili, nne, wakati mwingine sita. Seli ikiona serotonini inakawia kwenye mwanya hupunguza kwanza kutema kwake, kama mtu anayeteremsha sauti mwangwi unapozidi. Inachukua wiki kadhaa kwa vidhibiti vya utemaji huo kulegea na kwa seli ya ng'ambo kujipanga upya. Nafuu inaletwa na mpango huo mpya. Wagonjwa wengi huacha dawa siku ya kumi, wakisema haifai, wakarudi kwa mganga au maskani. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia wangoje nini. Wahudumu wenzangu wa zahanati, dakika mbili za kueleza hilo zina thamani sawa na kidonge chenyewe.

Na neno moja la tahadhari, kwa kuwa linagharimu maisha. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo wengine huimeza kwa ajili ya ulevi, nayo huzuia kurudishwa kwa serotonini. Ikichanganywa na dawa za sonona, serotonini inaweza kuzidi kiasi cha kuleta homa kali, mtetemo, kuchanganyikiwa na hata kifo. Unayemeza kidonge cha sonona, mwambie mfamasia wako kila kitu unachotumia, muguka ikiwemo. Hatakupeleka polisi. Na usiache dawa ghafla kwa uamuzi wako. Hamali aliyezibwa miezi kadhaa akiachiliwa kwa siku moja, kichwa huzunguka na usingizi huvurugika. Dawa hupunguzwa polepole, na daktari akiona.

Dereva wangu aliondoka kuelekea Nairobi. Mama wa mkahawa alimfungia mahamri kwenye gazeti, akamwambia, "Baba, utakula mbele." Utingo alilisogeza lori, na taa za nyuma zikapotelea upande wa Mackinnon Road, ambako madereva wengi husimama kwenye kaburi la Seyyid Baghali kutoa sadaka na kuomba wafike salama.

Mtu yule hatafuni kwa anasa. Anatafuna kwa sababu mzigo unatakiwa kufika, na aliyemwajiri hataki kusikia neno usingizi. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Wenye malori, sheria hiyo mnayo. Waacheni madereva walale.